Namna ya kuchagua njia ya kutunza nakala za akiba za faili zako

Mtu akishaamua kutunza nakala za akiba, swali la kwanza linalomjia huwa ni la dukani: ninunue diski gani, au nilipie huduma ipi ya mtandaoni? Swali hilo lina jibu, ila lisubiri kidogo. Diski nzuri kuliko zote haitakufaa kitu kama nakala ya mwisho uliyoiweka humo ni ya mwaka juzi, au kama ilikuwa ndani ya begi moja na laptopu siku begi lilipoibwa. Njia huchaguliwa kwa kuanzia upande wa pili: siku kompyuta itakapogoma kuwaka, utataka urudishiwe nini, kwa haraka kiasi gani, na kutoka wapi?

Mwongozo huu unamlenga mwenye kompyuta moja au mbili za kwake mwenyewe, ziwe za Windows, Mac au Linux. Seva za ofisi zina mambo yake.

Hatua ya 1: Jua una nini na kiko wapi

Huna haja ya kuanza kwa kunakili kompyuta nzima. Mfumo endeshi unapakuliwa upya, na programu zinasakinishwa upya. Kisichopatikana tena ni kile ulichokitengeneza wewe au ulichotumiwa wewe: picha, rekodi za sauti, hati za masomo na kazi, hesabu, vyeti ulivyoviskani. Vigawe vitu hivyo mafungu matatu. La kwanza, ambalo likipotea limepotea. La pili, ambalo linapatikana tena kwa kuhangaika, kwa mfano hati ambazo kuna mtu mwingine bado anazo. La tatu, ambalo unaweza kulipakua tena wakati wowote, kama filamu na visakinishi vya programu. Hilo la tatu liache. Ndilo linalojaza diski za watu wengi bila faida.

Kisha pima. Kwenye Windows, bofya folda kwa kitufe cha kulia na uchague Properties. Kwenye Mac ni Get Info. Kwenye Linux fungua terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike du -sh ikifuatiwa na jina la folda. Iandike namba utakayoipata, kwa sababu 8 GB na 800 GB haziendi njia moja.

Sehemu ngumu ni faili zilizojificha. Documents, Pictures na Desktop kila mtu anazifahamu. Lakini anayesoma barua pepe zake kwa Thunderbird hatazikuta humo: kwenye Windows zimo ndani ya AppData, folda iliyofichwa, na unaifikia kwa kuandika %APPDATA% kwenye upau wa anwani wa File Explorer. Kwenye Mac kuna folda ya Library, nayo imefichwa. Kwenye Linux ni zile folda ambazo majina yake huanza na nukta. Programu za hesabu nazo zina tabia ya kuweka data mahali pake penyewe. Pita programu unazozitumia moja baada ya nyingine, fungua mipangilio yake, utazame inahifadhi wapi. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka utagundua siku ya kurejesha kwamba picha zote zimerudi na barua za miaka mingi hazimo.

Hatua ya 2: Taja unachokiogopa

Hakuna njia inayokinga kila balaa. Kwa hiyo yataje mabalaa yenyewe kabla ya kuchagua silaha.

Diski kufa ni la kwanza, na ndilo jepesi kukabiliana nalo: nakala yoyote iliyo nje ya kompyuta inatosha.

Wizi, moto na maji ni jambo jingine, kwa sababu huchukua kila kilichomo chumbani, diski ya akiba ikiwemo. Hata kampuni kubwa haziko salama. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva za kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na kati ya wateja walioumia wapo ambao nakala zao za akiba zilikuwa palepale pamoja na faili zenyewe.

Kisha kuna mkono wako mwenyewe. Unafuta folda isiyo yenyewe, unahifadhi faili mpya juu ya ya zamani, unamwachia mtoto kompyuta dakika tano. Wengi huogopa wadukuzi kuliko hili, ilhali hili ndilo la kila siku.

Wadukuzi nao wapo. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga faili za watu kwa msimbo kisha vikadai dola 300 kwa bitcoin ili kuzifungua. Virusi vya aina hii haviishii kwenye diski ya ndani. Vikiingia hufunga chochote ambacho kompyuta inaweza kukiandikia, ikiwemo diski ya nje uliyoiacha imechomekwa. Ndiyo maana diski inayokaa kwenye kompyuta usiku na mchana ni kinga nusu tu.

La mwisho ni kuipoteza akaunti. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace ulikiri kwamba muziki ambao watu waliupakia kwa zaidi ya miaka kumi ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Google nayo, tangu Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili, pamoja na vilivyomo. Mtandaoni ni mahali pazuri pa kuweka nakala, ila pasiwe peke yake.

Hatua ya 3: Usichanganye kusawazisha na kutunza nakala

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Google Drive, OneDrive, Dropbox na iCloud Drive kazi yake ya msingi ni kusawazisha, yaani kuhakikisha folda ya kwenye kompyuta, ya mtandaoni na ya kwenye simu zinafanana muda wote. Ukiandika, kumeandikwa kote. Ukifuta, kumefutwa kote. Kosa nalo husafiri hivyo hivyo, mara nyingi ndani ya sekunde chache.

Tuseme una faili iitwayo tasnifu.docx, kurasa 140. Usiku, ukiwa na usingizi, unachagua maandishi yote ili ubadilishe fonti, kidole kinagusa kitufe kimoja, na kurasa zote zinageuka herufi k. Programu inajihifadhi yenyewe. Unafunga laptopu, unalala. Asubuhi k hiyo iko kwenye kompyuta, kwenye simu na mtandaoni. Ukigundua mapema, unaokoka: unabofya faili kwa kitufe cha kulia, unafungua historia ya matoleo, unarudisha la jana. Lakini ukiwa umefuta folda nzima na ukaja kuihitaji wiki sita baadaye, hali ni tofauti. Pipa la taka la Google Drive hujisafisha baada ya siku 30. OneDrive ya mtu binafsi na Dropbox ya bure nazo hutunza kilichofutwa kwa muda huohuo.

Watumiaji wa Windows wana mtego wao wa ziada. Ukikubali pale mfumo unapokuuliza kama unataka OneDrive ikutunzie folda za kompyuta, Desktop, Documents na Pictures huhamishiwa ndani ya folda ya OneDrive. Nafasi ya bure ni 5 GB, kwa hiyo baada ya muda unaambiwa umejaza. Unaingia kwenye tovuti, unafuta vitu ili kupunguza, ukiamini unafuta nakala tu. Ukirudi kwenye kompyuta, navyo havipo. Kilichofutwa hakikuwa nakala. Ilikuwa faili yenyewe. Angalia pia ile alama ndogo ya wingu pembeni mwa jina la faili: maana yake ni kwamba faili hiyo haimo kwenye diski yako, na baadhi ya programu za kutunza nakala huiruka. Ukitaka iwemo, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague ikae kwenye kifaa daima.

Sisemi uache kusawazisha. Diski ikifa au laptopu ikiibiwa, huduma hizi zinakuokoa vizuri kabisa. Ila kwangu mimi kitu hakistahili kuitwa nakala ya akiba mpaka kitimize masharti matatu: kinatunza matoleo ya zamani na si la leo tu, kimetengana na kompyuta, na kinajiendesha bila kukusubiri ukumbuke. Tumia masharti hayo kupima kila njia inayofuata.

Hatua ya 4: Zitazame njia zenyewe

*Diski ya nje.* Kwa watu wengi hii iwe ya kwanza. Unalipia mara moja, haihitaji intaneti, na inarejesha haraka. Diski ya kuzunguka, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, hunakili takriban MB 100 kwa sekunde inapokuta faili kubwa, hivyo 100 GB huchukua kama dakika 17. Faili ndogondogo maelfu kwa maelfu huchukua muda mrefu zaidi. Chagua yenye ukubwa angalau mara mbili ya data unayoitunza, ili matoleo ya zamani yapate pa kukaa. Hapo Apple na mimi tunakubaliana, maana nao hushauri hivyo kwa Time Machine, programu ya nakala iliyomo kwenye Mac.

Ya kuzunguka au SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani? SSD ina kasi na haiogopi kudondoshwa, lakini ni ghali kwa kila GB. Tena hushikilia data kwa chaji za umeme ambazo huvuja taratibu ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa, kwa hiyo si ya kufungiwa kabatini kwa miaka. Kwa nakala za akiba za kukaa mezani au kabatini, ya kuzunguka bado inatosha, mradi usiisogeze ikiwa kazini.

Kabla ya kuitumia, angalia imefomatiwa vipi, yaani inapanga faili kwa mfumo gani. Fomati ya FAT32 haipokei faili moja inayozidi 4 GB, na video ndefu itakataliwa kwa ujumbe usioeleweka. NTFS inafaa kwa Windows. Kama diski itahama kati ya Windows na Mac, exFAT. Kufomati kunafuta vyote vilivyomo, kwa hiyo kufanyike siku ya kwanza.

*Flashi.* Ya kuhamishia faili, si ya kuzitunzia. Inapotea kirahisi na ikifa hufa ghafla. Juu ya hayo kuna flashi bandia zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 ilhali ndani kuna sehemu ndogo tu ya hiyo. Faili zinaonekana zimeingia, majina yote yapo, ila ukizifungua hakuna kitu. Ukiwa na shaka, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac: programu hizi huijaza flashi yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka.

*DVD na Blu-ray.* DVD ya kawaida inabeba 4.7 GB, Blu-ray ya tabaka moja 25 GB. Uzuri wake ni kwamba ikishachomwa virusi haviwezi kuibadilisha. Ubaya wake ni kwamba laptopu za siku hizi hazina pa kuiingizia.

*Diski ya mtandao wa nyumbani.* Kisanduku chenye diski mbili au zaidi, kompyuta zote za nyumbani zikikiandikia kupitia Wi-Fi. Kinafaa familia yenye vifaa vingi na mtu mmoja asiyechoka kusoma maelekezo. Usidanganywe na neno RAID: diski mbili zinazoakisiana hukukinga moja ikifa, lakini ukifuta faili inafutwa kwenye zote mbili papo hapo.

*Huduma ya nakala mtandaoni.* Hizi ni tofauti na za kusawazisha. Backblaze, kwa mfano, hupitia kompyuta na kupakia kila kilichobadilika, na hutunza matoleo ya zamani kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Kabla ya kulipa, tafuta majibu matatu: matoleo hutunzwa siku ngapi, nikiacha kulipa faili zangu hukaa muda gani, na je, naweza kuzifunga kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haina?

Hatua ya 5: Piga hesabu ya intaneti kabla ya kuamua

Kasi ya intaneti hutajwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Tena unachohitaji hapa ni kasi ya kupakia, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya kupakua inayotangazwa. Ipime kwanza kwa tovuti yoyote ya kupimia kasi.

Kisha zidisha GB zako kwa 8,000, ugawanye kwa kasi yako ya Mbps (megabiti kwa sekunde); jibu ni sekunde. Mwenye 100 GB na kasi ya 5 Mbps atapata sekunde 160,000, yaani kama saa 44 mfululizo. Kwa 2 Mbps ni zaidi ya siku nne na nusu. Mwenye terabaiti 1 kwa 5 Mbps anahitaji siku 18 na nusu, kompyuta ikiwa imewashwa muda wote. Hiyo ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo hupakiwa mabadiliko peke yake, na hayo huwa machache.

Kama unalipia intaneti kwa bando la GB, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua: fungu la kwanza tu lipande mtandaoni, mengine yabaki kwenye diski. Fanya pia hesabu ya kurudi. 100 GB kwa kasi ya kupakua ya 20 Mbps ni zaidi ya saa 11. Kama kazi yako haiwezi kusimama siku nzima, lazima uwe na diski karibu.

Hatua ya 6: Oanisha njia

Kuna kanuni ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza: 3-2-1. Nakala 3 za kila faili, ukihesabu na ile unayoitumia. Kwenye vyombo vya aina 2. Na 1 iwe mahali pengine. Inadumu kwa sababu inajibu mabalaa yote ya hatua ya 2 bila kutaja chapa ya kifaa chochote.

Mwenye chini ya GB 15 za vitu vya maana, hasa hati, anaweza kutumia akaunti ya Google (15 GB za bure, ambazo Gmail na Picha nazo hula humohumo) pamoja na diski moja ya nje inayochomekwa kila wiki. Hapo ameshatimiza kanuni karibu bila gharama.

Mwenye picha na video nyingi, tuseme 300 GB au zaidi, na intaneti ya kusuasua: diski mbili za nje. Moja nyumbani, nyingine kwa ndugu au kwenye droo ya kazini, na zibadilishane nafasi kila mwezi. Ni njia ya kizamani, na ni nzuri. Ile iliyo mbali haiguswi na moto wala virusi.

Mwenye kazi inayobadilika kila siku na intaneti isiyo na kikomo atumie diski ya nje inayojiendesha kila saa, pamoja na huduma ya nakala mtandaoni. Hii ndiyo ningemshauri yeyote anayeimudu, kwa sababu haidai kumbukumbu yake hata kidogo.

Ukilazimika kuanza na kitu kimoja tu leo, anza na diski ya nje. Hiyo nyingine itafuata.

Hatua ya 7: Iwashe ijiendeshe

Windows: chomeka diski, fungua Control Panel, ingia System and Security, kisha File History, bonyeza Turn on. Kwa kawaida itanakili kila saa na kutunza matoleo yote. Kwenye Advanced settings unaweza kubadilisha vyote viwili. Kumbuka inashughulikia Desktop na folda zilizo kwenye maktaba, yaani Documents, Pictures, Music na Videos. Folda nyingine, kwa mfano D:\Kazi, lazima uiingize kwenye mojawapo ya maktaba hizo kwanza. Ile AppData ya hatua ya 1 haimo. Kwa hiyo inahitaji programu nyingine, kama FreeFileSync au Duplicati, ambazo ni za bure.

Mac: System Settings, General, Time Machine, ongeza diski. Huenda ikataka kuifomati upya, kwa hiyo isiwe na kitu kingine unachokihitaji. Tia alama kwenye chaguo la kuifunga kwa msimbo. Kuanzia hapo hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa kipindi cha nyuma ya hapo, hadi diski ijae. Ikijaa huondoa za zamani zaidi.

Linux: Déjà Dup, ambayo kwenye menyu huitwa Backups, inatosha kwa wengi. Wapenzi wa kuandika amri wana restic na BorgBackup, ambazo hutunza matoleo na kuyafunga kwa msimbo. Wapo wanaopenda rsync, amri ya kunakili folda, nami ni mmoja wao, ila ina makali:

rsync -avh --dry-run ~/Nyaraka/ /media/diski/Nyaraka/

Hiyo --dry-run inakuonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu, ukiridhika, iondoe. Mkwaju wa mwisho baada ya ~/Nyaraka nao una kazi: usipouweka, utapata folda ya Nyaraka ndani ya Nyaraka. Ukiongeza --delete, kila ulichokifuta kwenye kompyuta kitafutwa na kwenye diski, na hapo umejirudisha kwenye kusawazisha. Kwa watu wa Windows, /MIR ya robocopy, amri yao ya kunakili, ina tabia hiyohiyo.

Kwa wenye diski ya kuchomeka kila wiki, weka kikumbusho kwenye simu, siku na saa moja isiyobadilika. Ikimaliza, itoe kwa utaratibu, usiichomoe tu. Kisha iweke mbali na kompyuta.

Hatua ya 8: Funga kwa msimbo, na uutunze ufunguo

Diski ya akiba ina maisha yako yote ndani yake, na anayeiokota hahitaji nenosiri la kompyuta yako kuisoma. Time Machine ina chaguo lake. Windows toleo la Pro lina BitLocker. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Kwa unachokiweka Google Drive au Dropbox, Cryptomator hukifunga kabla hakijatoka kwenye kompyuta.

Ufunguo ukipotea, hakuna wa kumpigia simu. Uandike kwenye karatasi, mahali ambapo si pamoja na diski. Na jiulize hivi: laptopu na simu zikiibiwa siku moja, utaingiaje kwenye akaunti yako ya mtandaoni ikiwa namba ya uthibitisho hutumwa kwenye simu hiyohiyo? Huduma nyingi hutoa misimbo ya akiba ya kuchapisha. Ichapishe, uiweke na ile karatasi.

Hatua ya 9: Jaribu kurejesha

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alifuta kwa bahati mbaya data za seva kuu. Walipokimbilia nakala za akiba, walikuta zile za kila siku hazikuwa zikifanyika: programu ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya matoleo yasiyolingana, na barua pepe za kuonya kuhusu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo ilikuwa imetolewa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni yenye wahandisi wa kazi hiyo ilifikwa na hilo. Kwa kompyuta ya nyumbani hakuna hata wa kukutumia onyo.

Jaribio lenyewe si gumu. Chagua faili tano za aina tofauti: picha, hati, video ndefu, faili ya hesabu, na moja ya zamani kabisa. Zirejeshe kwenye folda mpya, usizirudishe juu ya zile zilizopo. Zifungue kila moja. Video itazame mwanzo, katikati na mwisho, maana faili iliyokatika inaweza kuanza vizuri. Kisha chagua hati uliyoibadilisha wiki hii na ujaribu kupata toleo la wiki iliyopita. Ukiweza, fanya hayo kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu siku ya balaa hii yako haitakuwepo. Hapo ndipo utakapojua kama programu inapatikana, kama nenosiri unalikumbuka, kama waya unao.

Rudia kila miezi mitatu au minne. Kama unahitaji tarehe ya kushikilia, 31 Machi huadhimishwa kimataifa kuwa siku ya nakala za akiba, na ni afadhali hiyo kuliko kutokuwa na tarehe.

Hatua ya 10: Kubadilisha diski

Ukianza kusikia mlio wa kugongagonga ndani ya diski, au kunakili kukawa kwa kusuasua na faili zikikataa kusomeka, usiikarabati. Nunua nyingine na uanze nakala mpya kutoka kwenye kompyuta, si kutoka kwenye diski inayoumwa. Ya zamani iache kabatini na nakala yake ya mwisho mpaka mpya ipite jaribio la hatua ya 9.

Baada ya hapo, kama hukuifunga kwa msimbo, usimpe mtu kabla ya kuiandika upya yote. Kufuta kwa kawaida huondoa jina la faili na kuacha yaliyomo. Kwenye Windows, ondoa alama ya Quick Format unapoifomati, uiache imalize. Diski ya terabaiti 1 itachukua saa kadhaa. Kama imekufa na haiandikiki tena, ifungue kwa bisibisi na uzikwangue zile sahani zinazong'aa ndani yake.